Laptopu ndogo na monita ya inchi 24 kwa shilingi 1,400,000: uchambuzi wa kisa kimoja

Mhusika ni msaidizi wa mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam. Siku tatu za wiki yuko ofisini Posta, siku mbili anafanyia kazi nyumbani Kimara, na jioni anasoma shahada ya uhasibu. Anasafiri kwa mwendokasi, mara nyingi amesimama, begi kifuani. Kwenye kompyuta anatumia Excel yenye shiti nyingi, programu ya uhasibu ya Tally, ankara na taarifa za benki za PDF, mihadhara ya video na vikao vya mtandaoni. Laptopu yake ya zamani, ya inchi 15.6, haishiki chaji na Windows 11 haiingii. Ana shilingi 1,400,000, na humo vitoke vyote: laptopu, monita, waya, kibodi na kinga ya umeme.

Swali alilokuja nalo ni lile la wengi: kwa fedha hii nichukue laptopu gani? Likijibiwa hivyo lilivyo, fedha yote itaishia kwenye laptopu, kisha mtu atainamia kioo cha inchi 13 kwa miaka mpaka shingo ikakamae. Cha kuuliza kwanza ni saa zinapitia wapi. Kwa huyu dada, kazi nzito ya macho, yaani kulinganisha leja na taarifa ya benki, kusoma vitabu vya PDF na kuandika kazi za chuo, inafanyika mezani nyumbani. Laptopu yenyewe, bila monita, anaihitaji darasani, ofisini na umeme ukikatika. Kwa hiyo monita ichaguliwe kwanza, halafu itafutwe laptopu ndogo inayoweza kuiendesha. Kuna sababu nyingine pia: monita nzuri itamaliza laptopu mbili au tatu, na bei ya monita iliyotumika ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Kioo kinaonyesha kiasi gani

Laptopu ya inchi 13.3 yenye pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080 ina pikseli sawasawa na monita ya kawaida ya inchi 24. Wengi wanahitimisha kwamba basi vinaonyesha kazi ileile kwa ukubwa tofauti. Si kweli. Kwenye kioo kidogo herufi zingekuwa ndogo mno, kwa hiyo Windows hukuza kila kitu, kwa kawaida hadi asilimia 150, na nafasi inayobaki ya kufanyia kazi ni kama ya pikseli 1280 kwa 720. Ukiondoa menyu za Excel, mstari wa fomula na upau wa chini, unaona mistari 20 hivi ya shiti. Monita ya inchi 24 inakaa kwenye asilimia 100, na mistari inayoonekana inakaribia 37. Kwa anayetafuta shilingi 45,000 iliyopotea kwenye usuluhishi wa benki, kuona mistari karibu mara mbili kwa mpigo kunapunguza sana kupanda na kushuka, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakofanya jicho liruke mstari.

Chukua rula. Kioo cha monita inayouzwa kama inchi 24, ambayo kwa kweli ni 23.8, kina upana wa sentimita 52.7 na urefu wa 29.6. Karatasi ya A4 ni 21 kwa 29.7. Maana yake ukurasa mzima wa kitabu unakaa kwenye monita karibu kwa ukubwa wake halisi, na unaweza kuweka kurasa mbili ubavu kwa ubavu, nafasi ikabaki pembeni. Kioo cha inchi 13.3 kina urefu wa sentimita 16.6 tu. Ukurasa huohuo kwa ukubwa wake unaonekana nusu na kidogo.

Hapo ndipo watu wengi husema: basi nichukue inchi 27. Inchi 27 yenye pikseli 1920 kwa 1080 haiongezi hata mstari mmoja wa Excel, inapanua tu pikseli zilezile. Inchi 24 ina pikseli 92 kwa kila inchi, inchi 27 ya namna hiyo inashuka hadi 82, na kingo za herufi zinaanza kuonekana kama zimekatwakatwa. Inchi 27 yenye faida ni ile ya 2560 kwa 1440, ambayo hata iliyotumika ingetafuna bajeti ya vitu vingine. Halafu meza ya huyu dada ina kina cha sentimita 50. Monita ikisimama na kitako chake, macho yanabaki karibu na kioo, na kwa umbali huo inchi 27 inamlazimu ageuze kichwa kusoma kona.

Kishawishi kikubwa zaidi kilikuwa TV ya inchi 32 iliyokuwa tayari sebuleni. Ina tundu la picha la HDMI, kwa nini ununue monita? TV nyingi za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768, yaani 49 kwa inchi, karibu nusu ya monita ya 24. Aidha TV nyingi hukata kingo za picha, upau wa chini wa Windows ukapotea nusu, na hupunguza taarifa za rangi, hivyo herufi nyekundu za Excel zikaota ukungu. TV ni ya kutazamia sinema kwa mbali. Kwa kusoma tarakimu kwa saa tano haifai, na hakuna mpangilio utakaoifanya ifae.

Monita ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) ilikataliwa kwa sababu nyingine. Laptopu nyingi za rika linaloingia kwenye bajeti hii zina HDMI 1.4, na hiyo inatoa 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. Mausi inakokota, na mtu anadhani kompyuta ni nzito kumbe tatizo ni tundu hilo la HDMI.

Kilichochukuliwa ni Dell P2419H iliyotumika, shilingi 240,000. Sababu si jina. Ni kioo cha IPS, ambacho rangi na weupe havibadiliki ukikaa pembeni kidogo; ina matundu ya picha ya HDMI, DisplayPort na VGA; kitako kinapanda na kushuka sentimita 13; na kioo kinageuka wima kwa ajili ya kusoma. Kitako kinachopanda ni muhimu kuliko watu wanavyokipa uzito. Monita isiyopanda inaishia kuwekwa juu ya vitabu, na shingo inarudi palepale. Ipo pia P2419HC, yenye tundu la USB-C linalotoa picha na kuchaji laptopu kwa wati 65 kwa waya mmoja. Ukiikuta kwa nyongeza isiyozidi bei ya chaja, ichukue. Hapa tofauti ilikuwa kubwa, na waya mbili badala ya mmoja ni usumbufu wa kuvumilika.

Laptopu tatu mezani, na ya nne iliyopendekezwa na marafiki

Ya kwanza ilikuwa mpya, ndani ya boksi: inchi 15.6, prosesa ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 4, diski ya eMMC (aina ya bei nafuu, isiyo na kasi) ya GB 64. Harufu ya upya inapoteza watu. Prosesa hiyo ina koa (core, yaani vitengo vya kuchakata) mbili tu, na diski ya GB 64 inajazwa na Windows yenyewe mpaka masasisho yanakosa pa kushukia. Excel, kivinjari chenye kurasa kumi na kikao cha video vikifunguliwa pamoja, GB 4 haitoshi. Na ni kubwa kwa mtu wa kusimama kwenye basi.

Ya pili, ThinkPad X280, ni ndogo, nyepesi na kibodi yake ni nzuri mno. Kasoro yake ni moja na haina dawa: RAM imechomelewa kwenye bodi. Iliyokuwepo ilikuwa na GB 8, na itabaki GB 8 mpaka kufa kwake. Mwenye kuipata yenye GB 16 asiiache.

Ya tatu, HP EliteBook 830 G5, inchi 13.3, kilo 1.3 na ushee, prosesa ya i5-8350U, RAM GB 8, diski ya kasi ya SSD ya GB 256, shilingi 700,000. Ina nafasi mbili za RAM, HDMI ya kawaida, tundu la waya wa intaneti, na USB-C inayotoa picha na kupokea chaji. Hii ndiyo iliyochukuliwa.

Marafiki walisisitiza MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020. Ni mashine safi sana kwa betri na ukimya. Lakini Tally ni programu ya Windows, RAM yake haiongezwi, na bei ingekula fedha ya monita. Kwa mwanafunzi wa ubunifu jibu lingekuwa tofauti.

Kuhusu prosesa hakuna mengi ya kusema: usishuke chini ya kizazi cha 8 cha Intel. Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia hapo. Soma namba: i5-8250U au i5-8350U ni kizazi cha 8, zina koa nne. i5-7300U ni cha 7, ina koa mbili. Muuzaji akisema "zote ni i5", zote ni i5 kweli, ila moja ina nguvu karibu mara mbili ya nyingine.

Dukani, kabla ya kulipa

Laptopu hizi hutoka kwenye kampuni za Ulaya, Uingereza na Marekani, na hatari yake kubwa ni kufuli la mwenye zamani. Kampuni nyingi husajili laptopu zao kwa Microsoft, ili kila inapofutwa na kuunganishwa na intaneti irudi kudai barua pepe ya kazi ya kampuni hiyo. Msambazaji anaweza kuipita hatua hiyo kwa kuweka Windows bila intaneti, na laptopu ikafanya kazi miezi kadhaa bila dalili yoyote. Siku utakayoifuta mwenyewe, inajifunga. Ndiyo maana ombi la kwanza dukani ni hili:

"Kaka, naomba tuifute hapahapa, niiunganishe na hotspot yangu, ikifunguka ndiyo nalipa."

"Dada yangu, hii ni UK, safi kabisa, utapoteza muda."

"Nitasubiri, kaka. Sina haraka."

Huchukua nusu saa, pengine zaidi. Mwenye duka makini hukubali, maana anajua mzigo wake. Akigoma kabisa, nenda duka la pili.

Baada ya hapo zima, washa, bonyeza F10 kwa HP (Dell ni F2, ThinkPad ni F1) uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai neno la siri la BIOS, achana nayo: kulitoa si kazi ya programu. Ikifunguka, ingia Security utafute mstari wa Absolute Persistence Module. Ukisomeka kuwa uko Active, mfumo wa kufuatilia wa mwenye zamani bado unaishi ndani. Usilipe.

Kisha betri. Fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, ufungue faili linalotengenezwa. Angalia mistari miwili: Design Capacity na Full Charge Capacity. Kwenye hii ilikuwa takriban 49,000 na 33,000, yaani imebaki theluthi mbili. Kwa laptopu ya umri huu ni ya kupokelewa, mradi bei izungumzwe kwa kuzingatia hilo. Betri iliyovimba ni habari nyingine: weka laptopu juu ya kioo cha kaunta uone kama inayumba, na bonyeza padi ya mausi kwenye kona zote nne. Ikiwa ngumu upande mmoja au imeinuka, betri inaisukuma kutoka chini.

Kagua kibodi kwa kuandika, usiishie kuitazama. Mzigo wa Ujerumani una Y na Z zilizobadilishana mahali, wa Ufaransa una A pale ilipo Q, na stika za kubandika huficha hilo kwa wiki chache kabla hazijabanduka. Unaweza kuiwekea Windows mpangilio wa Kiingereza, lakini umbo la kitufe cha Enter na alama ndogo za pembeni hazibadiliki.

Mwisho, kioo cha laptopu. Baadhi ya 830 G5 zina kioo hafifu cha niti 220 (niti ni kipimo cha mwanga), kinachosomeka vibaya karibu na dirisha. Zingine zina Sure View, kinga ya kuzuia jirani asichungulie, ambayo hufanya picha iwe ya kijivu ukiegemea kidogo. Weka mwanga hadi mwisho, sogea mlangoni, soma ukurasa mweupe. Huwezi kukibadili baadaye kwa gharama nafuu.

Monita ikaguliwe kwa laptopu hiyohiyo na waya huohuo utakaoondoka nao. Fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, kisha nyekundu: nyeupe hufichua madoa na umanjano wa kona, nyeusi hufichua mwanga unaovuja na pikseli zisizozimika. Iache iwake robo saa, maana kuna hitilafu za taa ambazo huja ikishapata joto. Jaribu kila tundu, si moja. Panda na shusha kitako: springi iliyochoka huachia kioo kishuke chenyewe.

Nyumbani: yanayokwama na kwa nini

RAM ya GB 8 iliongezwa kwa shilingi 70,000, DDR4 ya laptopu, ikaingia kwenye nafasi ya pili. Faida si wingi pekee. UHD 620, sehemu ya prosesa inayotengeneza picha, hutumia RAM ya kompyuta, na vipande viwili vinavyofanana vinafungua njia mbili badala ya moja, jambo linaloonekana pale monita inapowaka kama skrini ya pili.

Tatizo la kwanza linalolalamikiwa ni ukungu. Laptopu iko asilimia 150, monita iko 100, na programu za zamani za Windows hazijui kuhama kati ya hizo mbili. Zinajikuza kwa kioo zilikofungukia, na zikiburuzwa upande wa pili zinachuja. Hatua ni tatu. Ingia Settings, System, Display, chagua monita, weka alama ya kuwa ndiyo skrini kuu. Toka kwenye akaunti kabisa uingie tena, kwa kuwa kufunga programu peke yake hakutoshi. Ikibaki moja inayochuja, bonyeza kulia ikoni yake, Properties, Compatibility, Change high DPI settings, uweke tiki kwenye override na uchague Application. Herufi zikitoka kali lakini ndogo, chagua System (Enhanced) badala yake.

Ukihisi mausi inaruka, ingia Advanced display uone kama imeandikwa 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde. Ikiandika 30, shuku waya au adapta. Kuhusu adapta, lipo kosa moja linalorudiwa kila siku: adapta ya DisplayPort kwenda HDMI haifanyi kazi kinyume chake. Na kutoka HDMI kwenda VGA inahitajika adapta yenye chipu ndani, na bado picha hutoka laini kuliko inavyopaswa. Ndiyo maana waya wa HDMI kwa HDMI, bila kitu katikati, ndio ulionunuliwa. Waya na vikorokoro vyake vilichukua shilingi 35,000.

USB-C ina mtego wake. Si kila tundu la umbo hilo hutoa picha. Tafuta alama ya radi, au D yenye P ndani, pembeni mwa tundu. Laptopu nyingi za bei ya chini zina tundu la kuhamishia mafaili tu. Chaja ya simu ya wati 20 nayo haitoshi: laptopu italalamika au itakataa kabisa. Inatakiwa ya wati 65, volti 20 kwa ampea 3.25. Kwa ThinkPad za 2017 na 2018, X280 ikiwemo, kuna sasisho la Thunderbolt ambalo Lenovo ilitoa baada ya matundu ya USB-C kuanza kugoma. Mwenye nayo alisakinishe kabla tundu halijagoma.

Kibodi yenye tarakimu pembeni na mausi vilinunuliwa kwa shilingi 45,000. Laptopu ndogo hazina vitufe vya tarakimu pembeni, na mhasibu anavikosa ndani ya saa moja. Ukiwa na vyote hivyo unaweza kufunga laptopu na kutumia monita peke yake: Control Panel, Power Options, Choose what closing the lid does, uweke Do nothing upande wa Plugged in tu. Ukiweka na upande wa betri, siku moja itabaki inawaka ndani ya begi hadi ichemke. Kwa huyu dada ilishauriwa iachwe wazi kushoto, kikao cha video kikae huko na hesabu zibaki kwenye monita. Mitihani ya mtandaoni inayosimamiwa kwa kamera, kama ya OnVUE ya kampuni ya Pearson VUE, huruhusu skrini moja tu. Siku hiyo monita inachomolewa kabisa.

Urefu: ukingo wa juu wa monita uwe usawa wa macho au chini kidogo, na kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma yako linang'aa kwenye kioo, likiwa mbele linapigana na macho.

Umeme ukikatika, laptopu inaendelea na monita inazima. UPS (kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika) ya VA 650 iligharimu shilingi 150,000. Betri ya ndani ya UPS za namna hii mara nyingi ni volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi, pungufu kwa vitendo. Monita ya wati 16 hadi 20 na ruta ya wati 10 vitapata saa moja hivi betri ikiwa mpya. Laptopu isichomekwe humo, ina betri yake. Kabla ya kulipa, angalia matundu ya nyuma: baadhi ya UPS hazina soketi ya pini tatu za bapa, zina matundu ya waya wa kompyuta, na utahitaji waya wenye vichwa viwili vya aina hiyo. Kuhusu LUKU, monita ikiwaka saa sita kwa siku, uniti moja inakwenda siku tisa hivi.

Jumla imefika shilingi 1,240,000. Zile 160,000 zilizobaki ni za betri ya laptopu, na zisiguswe kwa begi wala spika. Ripoti ya betri iendeshwe kila baada ya miezi mitatu. Ikishuka chini ya 25,000, ambayo ni nusu, ndipo ibadilishwe, kwa sababu kuanzia hapo asilimia huanza kudanganya, na laptopu inaweza kuzima ikionyesha 30. Betri mpya ikishafungwa, ripoti iendeshwe kabla fundi hajaondoka: Full Charge Capacity iwe karibu sawa na Design Capacity, na Cycle Count, ikionyeshwa, iwe chini sana. Ikisoma mizunguko mia mbili, hiyo ni betri ya zamani iliyovishwa lebo mpya, na inarudishwa palepale.